Ukimtoa Huyu, Wangapi Watahama?

Hotuba kwa makocha na viongozi wa timu za madaraja ya chini, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika mchezo huu, viongozi wa timu, makocha wenzangu, na ninyi mashabiki mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie mchezaji ambaye timu haiwezi kumudu kumpoteza. Mjadala huu hamhitaji kufundishwa. Kila dirisha la usajili linapokaribia unaanzia mwaloni Kirumba, unapanda daladala hadi Igoma na Buhongwa, na kote unakopita jibu huwa jina la mfungaji. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba mpira ni mabao, na mwenye mabao ni huyo. Siwezi kusema kwamba jibu hilo ni la kijinga, kwa maana hata viongozi wetu hulitumia wanapogawa fedha kidogo walizonazo: mshambuliaji huongezewa mkataba mapema, beki wa kushoto huambiwa asubiri. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba tunachanganya mambo mawili. Kumtambua aliye bora kuliko wenzake ni kazi ya macho, na yeyote aliyekaa jukwaani anaiweza. Kumtambua ambaye asipokuwepo timu itaharibika ni kazi ya hesabu, na hesabu hiyo haianzi na yeye anayeondoka. Inaanza na wale watakaolazimika kuhama nafasi zao kwa sababu ameondoka.

Nitaanza mbali kidogo, kwa Liverpool, kwa sababu yaliyowapata yalionekana na dunia nzima na wengi wenu mliyatazama. Msimu wa 2019/20 walitwaa ubingwa wa Uingereza kwa pointi 99. Oktoba 2020, kwenye mechi yao na Everton, beki wao wa kati Virgil van Dijk aliumia goti na hakuonekana tena uwanjani msimu ule. Mwezi uliofuata Joe Gomez naye akaumia, na baadaye Joel Matip. Mpaka hapo hadithi ni ya kawaida: timu imepoteza mabeki, timu imeyumba. Lakini tazameni benchi la ufundi lilivyojibu. Fabinho, ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya mabeki, alirudishwa kuwa beki wa kati. Jordan Henderson, nahodha na kiungo, naye kuna wakati alirudishwa kule kule. Kwa hiyo timu iliyokuwa imepoteza safu moja ikawa imepoteza safu mbili, na ya pili iliipoteza kwa mkono wake yenyewe. Mabeki wa pembeni waliozoea kupanda wakijua kuna mtu wa kuziba nyuma yao hawakuwa na mtu huyo tena, na washambuliaji walewale waliokuwa wakipokea mpira mapema wakaanza kuupokea ukiwa umechelewa, na wapinzani wameshajipanga. Walipoteza mechi sita mfululizo za ligi nyumbani Anfield, jambo ambalo halikuwahi kuwapata tangu klabu ianzishwe.

Sasa angalieni walivyotoka shimoni, maana somo lenyewe liko hapo. Van Dijk hakurudi, wala hawakumpata beki wa kiwango chake. Mwishoni mwa msimu waliwapanga Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao mwaka mmoja kabla hakuna aliyedhani wangeanza hata mechi moja ya ligi, kisha wakamrudisha Fabinho kwenye nafasi yake. Walishinda mechi tano za mwisho za ligi na kumaliza nafasi ya tatu kwa pointi 69. Phillips na Williams hawakuwa bora kuliko Fabinho hata kama beki, na mtu yeyote anaweza kubisha hilo akashindwa. Ila kila mmoja alikuwa mahali pake. Mtu wa kawaida katika nafasi yake aliisaidia timu kuliko mtu hodari aliyehamishwa, na sijui mfano mwingine wa miaka ya karibuni unaolisema jambo hili waziwazi kama huo.

Mtaniambia kwamba ile ni Liverpool, wana fedha, wana madaktari, na hata balaa lao ni la kitajiri. Basi turudi nyumbani.

Mnamkumbuka Fiston Mayele. Msimu wa 2022/23 aliifungia Yanga mabao 17 ya ligi, akalingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, mashindano ambayo Yanga walifika fainali na kupoteza mbele ya USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Alipouzwa Pyramids ya Misri mwaka 2023, hapa Mwanza kuna watani waliokwisha kuandaa msiba wa Yanga na kuchangishana mchango. Msiba haukutokea. Yanga walitwaa ubingwa wa 2023/24, Stephane Aziz Ki akamaliza mfungaji bora kwa mabao 21, na katika Ligi ya Mabingwa Afrika walifika robo fainali na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Mfungaji wao mkubwa aliondoka, na mabao yakahamia kwa kiungo mshambuliaji aliyekuwa tayari ndani ya timu, bila mtu kuvuta kiti cha mwenzake. Khalid Aucho alibaki namba sita, yaani kiungo wa kukaba mbele ya mabeki. Djigui Diarra alibaki langoni. Ukuta ulibaki ukuta. Ndiyo maana pengo lile, pamoja na ukubwa wake, lilikuwa pengo la mtu mmoja.

Linganisheni na Simba, na hapa nawaomba radhi mashabiki wa Msimbazi walioko ukumbini. Agosti 2021, baada ya ubingwa wa nne mfululizo, waliondoka watu wawili katika dirisha moja: Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Hawakuwa washambuliaji wa kati hata mmoja. John Bocco alibaki, Meddie Kagere alibaki, Chris Mugalu alibaki. Kwa hesabu ya vijiweni, mabao yalikuwa bado yapo ndani ya nyumba. Msimu uliofuata Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Ni kweli kwamba Yanga walijijenga sana mwaka ule, na sitaki kuwanyima haki yao. Lakini waliotazama mechi za Simba waliona kilichokosekana: hakukuwa na mtu wa kupokea mpira katikati ya mistari na kugeuka nao, kwa hiyo viungo wa nyuma walipanda kuifanya kazi hiyo wao, na mshambuliaji akashuka kuutafuta mpira. Kila mmoja alikuwa anafanya nusu ya kazi ya mwenzake. Chama mwenyewe alirudishwa Januari 2022, na klabu haimrudishi mtu baada ya miezi mitano kama haikuliona pengo.

Klabu hiyohiyo inatupa mfano wa upande wa pili. Aprili 2023 kipa Aishi Manula aliumia, wakati Simba ina mechi ya watani na robo fainali ya Afrika dhidi ya Wydad mbele yake. Hofu ilikuwa kubwa, kwa sababu kipa huwezi kumhamisha mtu kutoka nafasi nyingine akaja kuziba. Ama unaye mwingine, ama huna. Ally Salim akasimama langoni, Yanga wakafungwa mawili bila, Wydad wakafungwa moja bila jijini Dar es Salaam. Agosti ya mwaka ule, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani Tanga, kijana huyo akapangua penalti tatu za Yanga. Kabla ya Aprili, mngemuuliza shabiki yeyote wa Simba, angewaambia kwamba Manula ni miongoni mwa watu wasiopotezeka. Ilitosha aliyekuwa nyuma yake kuwa amefundishwa kazi ileile, na watu wengine kumi wakaendelea na kazi zao.

Hapo ndipo ninapotaka makocha wenzangu mnisikilize kwa makini, kwa sababu timu zetu za ufukweni zina sababu za kupoteza wachezaji ambazo hazimo katika vitabu vya ukocha.

Wenzetu wa mjini wakisema mchezaji hayupo, wanamaanisha ameumia, ana kadi, au ameuzwa. Sisi tuna giza. Mchezaji anayevua dagaa hutoka usiku ambao hauna mwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Mbalamwezi ikija yuko nyumbani, anafanya mazoezi, anacheza vizuri, mnamsifu. Giza likirudi yuko kambini visiwani na humpati. Ratiba ya ligi ya mkoa haitazami mwezi. Kocha wa Ukerewe au wa Sengerema asiyetundika kalenda ya mwezi karibu na ratiba yake hajajua bado anapambana na nani. Tuna vijana wa kidato cha nne, na Novemba ni mitihani. Tuna wa bodaboda, ambao siku ya mnada hawawezi kuacha abiria waje kucheza kwa nauli.

Nilikuwa nikiifuatilia kwa karibu timu moja ya ufukweni, sitaitaja, ambayo namba sita wake alikuwa mvuvi wa dagaa. Hakuwa mchezaji wa kushangiliwa. Alikuwa mzito kidogo, pasi zake za mita tano, na mashabiki walikuwa wakimpigia kelele kwamba anarudisha mpira nyuma. Giza likaja, akaenda visiwani, na benchi la ufundi likafanya linalofanywa na wengi: likamchukua mchezaji hodari wa karibu, namba nane, kiungo wa mbele yake, likamrudisha kuwa sita. Winga wa kushoto akaingizwa ndani kuwa nane. Beki wa kushoto, kwa kuwa alikuwa na mbio, akasukumwa mbele kuwa winga. Nafasi ya beki wa kushoto akapewa kijana wa mguu wa kulia.

Mimi nilikaa upande ule ule wa uwanja, na kwa dakika kumi za kwanza sikutazama kingine ila kijana huyo. Kila alipopokea mpira ilimbidi auvute ndani kuuweka mguu wa kulia, na kila alipouvuta alikuwa analitazama lango lake mwenyewe. Winga wa wageni aliligundua hilo mapema kuliko sisi jukwaani. Akaacha kumkaba usoni. Akawa anamsubiri upande wa ndani, mahali ambapo mpira lazima utapita. Mabao mawili yakatokea pale pale, na baada ya mechi kijana alitukanwa njia nzima hadi stendi. Mtu mmoja alikuwa ameenda ziwani. Watatu walikuwa wamehama. Na lawama akabeba wa nne, ambaye hakuomba kuwekwa pale.

Giza lililofuata walimpanga mlinzi mmoja wa akiba, mtu wa kawaida kabisa, wakamwambia asivuke mstari wa katikati. Hakuna mwingine aliyeguswa. Mechi iliisha suluhu, na hakuna aliyeondoka uwanjani akizungumza juu yake, na kwa mchezaji wa nafasi ile hiyo ni sifa kamili.

Kwa hiyo zoezi ninalowapendekezea ni hili. Chukueni karatasi ya kikosi, mfunike jina moja kwa kidole, kisha muandike anayeingia. Halafu mjiulize anayeingia ametoka wapi: ametoka benchi, au ametoka nafasi nyingine uwanjani? Kama ametoka nafasi nyingine, andikeni anayemrithi huko, na mwendelee hadi mfike benchi. Jina ambalo likifunikwa linahamisha watu watatu au wanne ndilo jina la mtu msiyeweza kumpoteza, hata kama hajawahi kufunga bao na watoto hawajui anaitwa nani. Jina ambalo likifunikwa linaleta mtu moja kwa moja kutoka benchi, hata likiwa la nyota, ni hasara inayobebeka. Zoezi hili halichukui nusu saa, na lifanyike kabla ya dirisha kufunguliwa, sio siku ya mechi kwenye basi.

Mkilifanya kwa uaminifu mtashangaa mahali kidole kinaponasa. Kwa timu zetu, mara nyingi kinanasa kwa beki wa kushoto mwenye mguu wa kushoto wa kuzaliwa, kwa sababu watu wa aina hiyo ni wachache na tukiwapata tunawafanya mawinga. Kinanasa kwa beki wa kati anayezungumza, yule ambaye sauti yake ndiyo inayopanga mstari, kwa kuwa mbadala wake anaweza kuruka na kukaba vilevile lakini akawa bubu, na ukuta bubu huacha mtu nyuma kila kona. Na kinanasa kwa namba sita.

Kuhusu namba sita sina haja ya kurefusha, maana N'Golo Kanté amelimaliza suala hilo. Leicester walitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 kwa pointi 81 na kufungwa mabao 36. Chelsea wakamchukua Kanté. Jamie Vardy na Riyad Mahrez, waliokuwa kwenye mabango yote, wakabaki. Msimu uliofuata Leicester walimaliza nafasi ya 12 kwa pointi 44, wakafungwa mabao 63, na kocha aliyewapa ubingwa akafukuzwa Februari. Mabao ya ligi ya Vardy yalishuka kutoka 24 hadi 13, na yeye hakuwa ameuzwa wala hakuwa amezeeka kwa miezi mitatu. Chelsea, waliokuwa wa kumi, wakawa mabingwa. Ni haki kusema kwamba Chelsea walikuwa na kocha mpya, Antonio Conte, na hawakuwa na mechi za Ulaya, wakati Leicester walikuwa nazo mpaka robo fainali. Mtu mmoja hawezi kubebeshwa mabadiliko yote hayo. Hata ukitoa nusu ya sababu, nusu inayobaki inatosha kumtisha kiongozi anayedhani namba sita ni mtu wa kutafutwa dakika za mwisho za usajili.

Najua wapo wanaosubiri kuniuliza habari za Geita Gold, majirani zetu, na swali ni la haki. Msimu wa 2021/22 George Mpole aliwafungia mabao 17, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu mbele ya Mayele, na timu ikamaliza nafasi ya nne ikapata tiketi ya Afrika. Baadaye Mpole akaenda Lupopo ya Kongo, na msimu wa 2023/24 Geita wakashuka daraja. Je, huo si ushahidi kwamba mfungaji ndiye nguzo? Nakubali kwa sehemu. Ipo timu ambayo imejengwa nzima kwa ajili ya mtu mmoja wa mbele: pasi zote ni ndefu kwa sababu yeye anajua kuzituliza, viungo wanapanda kwa sababu wanajua hataupoteza mpira. Katika timu hiyo, ukimwondoa yeye, kidole kitakuonyesha kwamba wote kumi wamehama, ingawa kwenye karatasi wamesimama palepale. Lakini kati ya kuondoka kwake na kushuka kwa timu ulipita muda wa kutosha kuingia na kutoka wachezaji wengi, na timu haishuki daraja kwa sababu ya jina moja lililoondoka mapema hivyo.

Tena tusisahau mabao yenyewe hutoka wapi. Mbao, timu ya hapa Mwanza, walipoiondoa Yanga hapa hapa Kirumba, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Aprili 2017, bao pekee beki wa Yanga alijifunga. Na Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda mabao matatu bila na kufuzu fainali za Afrika baada ya miaka 39, Mbwana Samatta alikuwa uwanjani, naye ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao; wafungaji wakawa Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Wawili wa mwisho ni mabeki. Nyoni huyo, katika maisha yake ya mpira, amecheza beki ya kulia, ya kushoto, ya kati na kiungo cha chini. Tunamwita kiraka, na tunalitamka neno hilo kama kwamba ni mtu aliyekosa nafasi. Katika zoezi letu la kidole, kiraka ndiye anayeukata mnyororo katikati: anaingia pale palipobomoka na wengine wote wanabaki walipo. Timu yenye kikosi cha watu 18 ikiwa na kiraka mmoja wa kweli ina watu zaidi ya 18, na bado ndiye wa kwanza kukatwa anapohitajika mgeni.

Viongozi watauliza fedha zitoke wapi, na sina jibu la kuwapendeza. Kumfundisha mbadala hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kocha amtoe namba sita dakika ya 60 mechi ikiwa salama, na kanuni ya mabadiliko ya wachezaji watano imetupa nafasi hiyo bure. Kunahitaji daftari la kadi za njano linalosomwa kabla ya mechi, ili anayekaribia kufungiwa apumzishwe siku tunayoichagua sisi, asipumzishwe na mwamuzi siku ya mechi ya mchujo. Na kunahitaji kuzungumza na mvuvi mapema, na mwenye mtumbwi wake pia, ambaye mara nyingi ni shabiki wa timu ileile na hajawahi kuombwa chochote.

Jana kiongozi mmoja aliniuliza pembeni: ana fedha ya mkataba mmoja tu, mfungaji wake anataka kwenda Dar es Salaam, na beki wake wa kati anayepanga wenzake ametafutwa na timu ya Bukoba, amsainishe yupi? Nilimwomba karatasi ya kikosi, tukafunika majina yote mawili, moja baada ya jingine, palepale juu ya meza ya chai. Kwa mfungaji, alitoka kijana wa benchi mwenye mabao manne. Kwa beki, alirudi namba sita, akafuatwa na namba nane, akafuatwa na winga, na kwenye nafasi ya winga kalamu ilisimama kwa sababu hapakuwa na jina la kuandika. Nilimshauri amsainishe beki, amtakie mfungaji safari njema, na adai asilimia ya mauzo ya baadaye kwa maandishi kabla kijana hajapanda basi.